Phyllis Kwamboka na Miaka Ishirini na Minne ya Doha–Kathmandu

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, baada ya ibada ya asubuhi hapa kanisani Mesaimeer, tunamuaga Bi. Phyllis Kwamboka, aliyeitumikia ofisi yetu ya tiketi kwa miaka ishirini na minne. Aliingia kazini tarehe 11 Juni 2001 na anastaafu rasmi Jumatatu, tarehe 30. Siku inayofuata anapanda ndege kurudi Kenya. Hajakanyaga nyumbani tangu likizo yake ya mwaka 2011, na hadi ninapoandika haya hajui kama binti yake wa pekee, Virginia, atakuja kumpokea.

Najua wasifu wa mstaafu hauanzi hivyo. Huanza na vyeti na pongezi, na mimi, Dedan wa meza ya pili, nilianza hivyo hivyo. Nilimpelekea rasimu yenye mizaha kumi na minne. Aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akanirudishia karatasi. "Andika na yale mengine, Dedan," akaniambia. "Nimechoka kuwa mtu wa kuchekesha watu." Basi yale mengine yamo, na mizaha michache nimeibakiza, maana bila mizaha mtasema nimemwandika mtu mwingine.

Bi. Phyllis alizaliwa Nyamira mwaka 1965. Alisomea uhazili Kisii, akafanya kazi kwa wakala wa safari jijini Nairobi miaka tisa, akaolewa na Mwalimu Nyakundi, wakapata mtoto mmoja. Virginia alikuwa na miaka mitatu mama yake alipokuja Doha. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, na sote humu ukumbini tunajua mikataba ya miaka miwili huwa na tabia gani.

Aliahidiwa meza ya Ulaya. Alipofika akakuta amewekewa meza ya Kathmandu, ambayo kila karani alikuwa akiikimbia. Wateja wake walikuwa mafundi na vibarua wa Nepali waliokuja Ijumaa tu, siku yao ya mapumziko, wote kwa mkupuo, na kila mmoja na ndugu wawili wa kumsaidia kuuliza. Phyllis aliipokea shingo upande. Ijumaa asubuhi alikuwa ibadani, mchana yuko mezani, na foleni imefika nje kwenye jua. Mwaka haujaisha alikuwa anajua Kinepali cha kutosha kugombana. Walimwita Didi, yaani dada mkubwa, na wapo wateja wa miaka na miaka ambao leo ukiwatajia jina Phyllis watakuuliza ndiye nani.

Kila mteja alikuwa na maswali mawili, hata yule aliyekwisha kusafiri mara tatu: Kathmandu ni mbali kiasi gani, na ndege huchukua muda gani? Mwanzoni nilidhani hawasikii vizuri. Phyllis ndiye aliyenieleza kwamba wanasikia sana, ila wanapenda kulisikia jibu likitoka kwa mtu. Naye alikuwa na namna yake ya kulitoa. Aliweka kalamu chini, akamtazama mteja usoni, akamwambia kwamba ni karibu tu, atakula chakula kimoja, atasinzia kidogo, na akifumbua macho amefika.

Jibu hilo lilimgharimu kulijua. Kisa hiki nilisimuliwa nilipoajiriwa, na kila anayekisimulia hukiongezea chumvi, kwa hiyo nakitoa bila chumvi. Mwezi wake wa kwanza alihudumia fundi wa vyuma aitwaye Bwana Gurung, aliyekuwa anarudi kwao baada ya miaka mitatu. Tiketi ilionyesha kuondoka Doha saa nane mchana na kutua Kathmandu saa tatu na robo usiku. Phyllis akatoa moja kwa nyingine, akamwambia atakaa angani saa saba na robo. Alisahau kwamba tiketi huandika saa ya kila mji kwa saa za mji huo, na kwamba Kathmandu iko mbele ya Doha kwa saa mbili na dakika arobaini na tano. Nchi nyingi hupishana kwa saa kamili, lakini Nepali wameamua kuweka na dakika zao juu yake. Safari yenyewe ni saa nne na nusu tu.

Gurung alisinzia njia nzima. Ndege ilipotua alitazama saa yake ya mkononi, ambayo hakuwa ameigusa tangu Doha, ikamwonyesha saa kumi na mbili na nusu jioni. Akapiga hesabu, akaona bado karibu saa tatu, akaamua kwamba wametua mahali kuchukua mafuta. Akakaza mkanda. Watu wakashuka, wafagizi wakaingia, yeye yuko palepale, anasubiri ndege iendelee kwenda Kathmandu. Nje, mkewe alikuwa akimkagua kila abiria anayetoka, na alikuwa ameshaanza kulia alipomwona mumewe anakuja mwisho kabisa, amesindikizwa na mfagizi.

Aliporudi Doha alikuja moja kwa moja mezani kwa Phyllis, na ofisi nzima ikakaa tayari kwa ugomvi. Gurung akatoa mfukoni kipande cha jibini kikavu cha kwao, zawadi kutoka kwa mkewe, akaanza kucheka hadi akaomba kiti. Jibini hilo hufyonzwa taratibu nusu siku. Phyllis aliling'ata kama muwa, na lile pengo mnaloliona akitabasamu lina miaka ishirini na minne.

Tangu siku hiyo aliweka chini ya kioo cha meza yake karatasi yenye tofauti za saa za miji yote, na hakuna karani aliyepita ofisini kwetu bila kuikariri mbele yake. Alijua mambo ambayo kompyuta haisemi. Alijua kwamba kurudi kutoka Kathmandu huchukua saa tano au zaidi, kwa sababu upepo wa juu unaosukuma ndege wakati wa kwenda huikabili wakati wa kurudi. Akiwaeleza wateja hivyo walimjibu kwamba hata upepo wa kwao hautaki warudi kazini.

Sasa yale mengine.

Mwezi wa Februari 2012 Mwalimu Nyakundi alianguka darasani, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Mimi nilikuwa nimetimiza mwaka mmoja meza ya pili. Simu iliingia Phyllis akiwa na mteja. Alisikiliza, akaiweka chini, akamalizia kumwandikia yule mteja tiketi yake, akamtakia safari njema, ndipo akageuka akaniambia. Tiketi ya Nairobi alijikatia mwenyewe, ya ndege ya usiku uleule. Akapiga simu nyumbani, akaongea na Virginia, akamwambia kesho asubuhi mama atakuwa amefika.

Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa ambalo mtu wa tiketi pekee ndiye angelifanya: alihesabu ndege. Miaka ile mfanyakazi mgeni hakutoka Qatar bila kibali cha kutoka kilichotiwa saini na kafili, yaani mwajiri anayemdhamini. Phyllis alilijua hilo kuliko sisi sote, lakini siku hiyo kichwa chake kilikuwa Nyamira. Kafili tuliyekuwa naye wakati ule alikuwa safarini nje ya nchi, simu yake haipatikani, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kutia saini. Phyllis alifika uwanja wa ndege na sanduku lake, akarudishwa. Kesho yake akaenda tena, akarudishwa tena. Kila siku alipiga simu nyumbani akasema kesho. Mwalimu alizikwa siku ya nane, na kibali kikatoka siku ya kumi na moja, kikabaki bila kutumika. Virginia, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alitupa udongo kaburini akiwa na shangazi zake.

Jaribu kuieleza familia inayoomboleza habari ya saini ya mtu aliye safarini. Shemeji yake mmoja alimwambia kwenye simu kwamba mwanamke anayeuza tiketi hawezi kukosa tiketi. Maneno hayo yalizunguka kijiji kizima, na yalikuwa na mantiki yake, ndiyo maana yaliuma. Virginia akaacha kupokea simu. Habari za shule, za mitihani, za kuhitimu uuguzi, zote Phyllis alizipata kwa baba mdogo wa mtoto. Mwaka wa kwanza hakwenda nyumbani kwa sababu ya hasira za wakwe. Mwaka wa pili ilikuwa aibu. Baada ya hapo sidhani kama palihitajika sababu. Likizo zake alizitumia kuwashikia meza wenzake waliokwenda kwao.

Sisi, kwa ujinga wetu, tulimtania. Kinyozi hajinyoi, tulimwambia, muuza tiketi asiyesafiri. Alicheka pamoja nasi, na mimi nilicheka kuliko wengine, na leo naona haya kuandika hivyo. Mwaka 2018 sharti la kibali lilipoondolewa kwa wafanyakazi wengi, ofisi ilinunua keki. Phyllis alikula kipande chake, akapangusa vidole, akaita mteja aliyefuata.

Kazi yake, lakini, ilibadilika tangu ule msiba, na hapa ndipo ninapotaka mpige makofi. Mtu akija na habari ya kifo au ugonjwa, Phyllis hakugusa kompyuta kwanza. Alimkalisha. Alimwuliza kama ana kibali, kama pasipoti yake iko mkononi mwake, nani msimamizi wake, na namba ya simu ya huyo msimamizi ni ipi. Kisha alipiga simu yeye mwenyewe, kwa sauti ya upole ambayo mimi binafsi ningeiogopa. Aliwahi kwenda kwa teksi hadi kambi wanakolala vibarua kumtafuta msimamizi mmoja aliyezima simu. Siwezi kuwaambia ni wangapi waliwahi mazishi kwa sababu yake, kwa kuwa hakuwahi kuweka orodha, lakini mmoja wao ni Gurung, aliyemzika baba yake mwaka 2015.

Pia aliacha kusema ni karibu. Kwenye kila bahasha ya tiketi aliandika kwa mkono safari nzima, kutoka kitanda cha kambini hadi mlango wa nyumbani. Saa nne na nusu za ndege zilikuwa mstari mmoja tu. Juu yake kulikuwa na basi la kutoka Industrial Area, ziliko kambi, na foleni za uwanjani, na chini yake kulikuwa na basi la kupanda milima, usiku wa njiani, na mwendo wa miguu. Kwa watu wengine ilifika siku mbili na nusu. Mstari wa mwisho aliandika jina la atakayempokea mteja, na asiyejua aliambiwa apige simu kwao kwanza, akiwa palepale mezani, foleni isubiri. Meneja wetu alilalamika kwamba kazi inachelewa. Miaka miwili baadaye akaagiza makarani wote tufanye hivyo, akatuambia ni wazo lake.

Maisha yake nje ya ofisi hayana mengi ya kusimuliwa, na ningependa yangekuwa nayo. Amekaa Al Wukair, chumba kimoja nyuma ya jumba la familia ya Kihindi, jiko la kuchangia na mlango wake mwenyewe. Milka na Carolyne wa kwaya walimwalika mara nyingi. Akija anapika, anaosha vyombo, anaondoka mapema. Wakati wa Dashain, sikukuu kubwa ya Wanepali, simu yake hulia tangu asubuhi hadi anaizima apumzike. Krismasi nilikuwa nampigia mimi. Alikuwa anapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, na mara mbili tatu nilisikia sauti yake ikishuka alipotambua ni nani.

Kuna siku moja ambayo sijaisahau. Ilikuwa alasiri tulivu ya mwaka 2022, hakuna mteja, na mimi nilikuwa nachezea kompyuta, napima umbali wa miji. Doha hadi Kathmandu, mstari ulionyooka, ikanipa kilomita 3,359. Nikaingiza Nairobi bila kufikiri. Ikanipa 3,352. Nikarudia, nikidhani nimekosea. Nairobi iko karibu zaidi kuliko Kathmandu, kwa kilomita saba! Nikamgeuzia kioo cha kompyuta nikicheka, nikamwambia aone maajabu, kwamba miaka yote hii amekuwa akiwauzia watu njia ya kwao mwenyewe, ila imeelekezwa upande mwingine.

Phyllis aliangalia zile namba mbili. "Na saa ni moja," akasema. "Doha na Nairobi hazipishani hata dakika. Hakuna cha kutoa." Akaenda msalani. Aliporudi uso wake ulikuwa umeoshwa, na palikuwa na mteja, akamhudumia. Mimi nilibaki na kioo changu, na sikuwahi kuomba msamaha hadi nilipokuwa naandika ukurasa huu. Samahani, dada.

Wiki mbili zilizopita alikuja upande wa pili wa meza yangu, akaketi kwenye kiti cha mteja, akaniomba nimkatie tiketi. Ya kwenda tu. Nilichukua bahasha nikaiandika kama alivyonifundisha: teksi kutoka Al Wukair, foleni, saa tano na dakika ishirini angani. Nilipofika mstari wa mwisho nilimwuliza nani atampokea. Gakii, anayerithi meza ya Kathmandu, alikuwa anatusikiliza, na aliinama kutafuta kitu kwenye droo ambayo haina kitu. Phyllis akasema niache wazi.

Jioni ile alimtumia Virginia ujumbe wenye siku, namba ya ndege na saa ya kutua. Virginia sasa ana miaka ishirini na saba, ni muuguzi Nairobi. Ujumbe ulionekana kusomwa usiku huohuo. Zikapita siku nne. Mimi, kwa kiherehere changu, nilikuwa nimeshaandika kwenye rasimu kwamba atapokelewa na bintiye kwa vigelegele, na Phyllis aliufuta mstari huo kwa kalamu nyekundu. Siku ya tano jibu likaja, akanionyesha: "Nimeona. Sijui kama nitapata off. Usingoje sana."

Mimi nina watoto wangu Murang'a na nina moyo mwepesi wa kukasirika. Nilimwambia kwamba kwa jibu la namna hiyo ningechukua teksi moja kwa moja hadi stendi ya mabasi ya Kisii na nisigeuke nyuma. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwa amenigusia kwa miaka yote tuliyokaa meza kwa meza.

Februari ile, usiku wa kuamkia siku aliyoahidi kufika, Virginia alitoka Nyamira na baba yake mdogo kwa basi kwenda kumpokea uwanja wa ndege Nairobi. Alikuwa na sweta ya shule. Alisimama kwenye mlango wa wanaotoka, akangoja ndege ya asubuhi kutoka Doha, kisha ya mchana, kisha ya jioni. Mama akapiga simu akasema kesho. Wakalala kwa jamaa, wakarudi alfajiri, akasimama tena hadi usiku. Siku ya tatu baba mdogo akambeba kwa nguvu, maana alikataa kuondoka, alisema mama ameshakata tiketi.

"Mwache aandike anavyotaka," Phyllis akaniambia. "Yeye alinisimamia siku mbili. Mimi pia nitakaa mbili. Nimeshaweka shali kwenye begi la mkononi."

Dada Phyllis, ofisi inakushukuru, Mesaimeer inakushukuru, na huko milimani kuna nyumba nyingi zinazokushukuru kwa jina ambalo si lako. Umetusafirisha sote. Nenda salama, na maisha mema yakuanzie popote utakapokuwa umeketi, hata kama ni kwenye kiti cha chuma cha uwanja wa ndege.

Na wewe Virginia, tusiyekufahamu, ukurasa huu ukikufikia: ndege inatua Jumanne, tarehe mosi Julai, saa saba na dakika ishirini mchana. Ukikosa ruhusa siku hiyo, usijali. Atakuwepo hadi Alhamisi.

Dedan Ndirangu
Kwa niaba ya wafanyakazi wenzake, Doha